Vivuko vya mtawa Jinaprabha: namna ya kusoma visa vya hija vya Wajaini

Mlima Shatrunjaya, unaousimamia mji wa Palitana huko Gujarat, magharibi mwa India, haufiki mita 700 kwenda juu. Mahujaji huanza kuupanda alfajiri kwa ngazi zaidi ya 3,000, wengi wao miguu mitupu, na hushuka kabla giza halijaingia kwa sababu desturi hairuhusu mtu kulala kule kileleni. Sasa fungua kitabu cha mahali pa hija kilichoandikwa na mtawa wa Kijaini (Ujaini ni dini ya kale ya India) wa karne ya 14 aitwaye Jinaprabhasuri, au Jinaprabha kwa kifupi, utakuta vipimo vingine kabisa. Katika enzi ya kwanza ya dunia, asema, mlima huu ulikuwa na yojana 80. Enzi ya pili ukawa na 70, ya tatu 60, ya nne 50. Katika enzi yetu, ambayo ni ya tano, una yojana 12. Enzi ya sita ikifika, utabaki dhiraa 7 tu, urefu wa kibanda cha kawaida. Na yojana moja si kidogo: wengi huikadiria kati ya kilomita 8 na 15.

Msomaji wa leo hapo hutaka kufunga kitabu. Asifunge, maana katika sura hiyohiyo mtawa huyo anaandika kwamba mwaka 1369 wa kalenda ya Vikrama (1313 kwa hesabu yetu) jeshi la Waturuki liliivunja sanamu kuu ya mlimani, na kwamba mwaka 1371 (1315) mfanyabiashara Samara Shah aliirejesha. Mambo hayo mawili yanathibitishwa na maandishi mengine ya wakati ule. Kalamu moja, sura moja: huku mlima unaosinyaa kutoka yojana 80 hadi dhiraa 7, huku tarehe ambazo mwanahistoria yeyote angezishukuru. Fundo la fasihi hii yote liko hapo, na watu wengi hulikata badala ya kulifungua. Mmoja huchukua tarehe akatupa miujiza, mwingine huchukua miujiza akasahau tarehe. Mimi naona Jinaprabha aliviandika pamoja kwa sababu, na ukiikosa sababu hiyo umekikosa kitabu.

Tuanze na neno lenyewe. Mahali pa hija kwa Kisanskriti ni tirtha, na maana yake ya asili ni kivuko: pale mtoni ambapo maji ni haba na mtu anaweza kupita ng'ambo bila kuzama. Waalimu wakuu wa Ujaini, 24 kwa jumla, huitwa Tirthankara, yaani watengenezaji wa vivuko. Wa kwanza ni Rishabha, aitwaye pia Adinatha, na wa mwisho ni Mahavira, aliyeishi yapata karne tano kabla ya Kristo. Mto unaovukwa ni mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Kwa hiyo mahali alipozaliwa Tirthankara, alipoukana ulimwengu, alipopata ujuzi kamili au alipofia akiwa huru, ni kivuko. Watu wamepavuka pale, na wengine wanaweza.

Huku kwetu Pwani tumezoea kuwaita Wahindi wengi Banyani bila kuuliza zaidi, na ndani ya jina hilo Wajaini hupotea. Wapo, na ni dini yao wenyewe. Waoshwal wa Kenya, ambao wazee wao walitoka vijiji vya upande wa Jamnagar, Gujarat, wengi wao ni Wajaini, na hekalu la marumaru lililojengwa Mombasa mwaka 1963 ni lao. Kwa mila, mtawa wa Kijaini hapandi chombo: hapandi gari wala farasi, anatembea kwa miguu yake, na msimu wa mvua hukaa mahali pamoja miezi minne ili asikanyage viumbe vinavyoibuka ardhini. Ndiyo sababu jamii iliyovuka bahari ilivuka bila watawa. Ni jambo la kukumbuka tunapomsoma Jinaprabha, kwa sababu kila mji anaosema amefika, alifika kwa nyayo.

Aliandika kwa zaidi ya miaka 20. Sura yake juu ya mlima Vaibhara, karibu na Rajgir huko Bihar, ina tarehe ya mwaka 1364 wa Vikrama, yaani 1307 au 1308. Kazi yote aliikamilisha 1333. Ina sura 60 na ushei, nyingine kwa Kisanskriti, nyingine kwa Kiprakriti, baadhi mashairi na baadhi nathari. Huitwa Vividhatirthakalpa, maelezo ya vivuko mbalimbali. Sura nyingine ni ndefu zenye visa ndani ya visa, nyingine ni orodha kavu ya majina. Alikuwa wa tawi la Shvetambara, wavaao nguo nyeupe, katika ukoo wa watawa uitwao Kharatara Gaccha.

Usiitegemee kama kitabu cha mwongozo wa msafiri, ingawa wakati mwingine jicho lake ni kali kuliko la mwongozo wowote. Akifika Varanasi, anaugawa mji sehemu nne. Ya kwanza ni Varanasi ya miungu, lilipo hekalu la Vishvanatha. Ya pili ni Varanasi ya makao makuu, na hapo anaongeza kwamba siku hizi wanakaa Wayavana, jina lake kwa Waislamu. Kisha anataja mbili zilizobaki. Hakulia wala kulaani. Aliandika nani anakaa wapi, akaendelea na habari za Parshva, Tirthankara wa 23, aliyezaliwa mjini humo.

Lakini akifika Ayodhya anasimulia hivi. Mtawa Devendrasuri alitaka sanamu kubwa za Ayodhya ziwekwe kwenye hekalu la Serisa, Gujarat. Kwa nguvu za kimungu zikabebwa angani usiku. Tatu zikafika. Ya nne ilikuwa bado njiani kulipopambazuka, ikabidi iwekwe chini kwenye shamba la kijiji kimoja. Kisa hiki nakipenda kwa sababu ya ile sanamu ya nne. Mtunga miujiza asiye na shabaha angezifikisha zote. Huyu alikuwa na kitu cha kueleza: kwa nini mji mtakatifu wa mashariki una sanamu chache, kwa nini hekalu la mbali magharibi linadai asili ya Ayodhya, na kwa nini kijiji fulani katikati kinaheshimiwa. Muujiza umeziunganisha sehemu tatu ambazo mtembea kwa miguu angezifikia kwa miezi.

Kisa cha Abhayadeva ni kirefu zaidi, nacho kinaonyesha jinsi mtu, kitabu na mahali vinavyosukwa pamoja. Abhayadeva alikuwa mtawa msomi wa karne ya 11, mtu wa kweli kabisa, na fafanuzi zake za vitabu tisa vitakatifu vya Shvetambara zinasomwa hadi leo. Katika simulizi la Jinaprabha, mtawa huyu alipatwa na ugonjwa mbaya wa mwili akawa anajiandaa kufa. Usiku mungu wa kike akamjia na mafundo tisa ya uzi uliotatizika, akamwambia ayatatue. Akajibu kwamba mikono yake haina nguvu tena. Akaambiwa: utaishi, na utavifafanua vile vitabu tisa, hayo mafundo ni kitu gani kwako? Kisha akaelekezwa mto Sedhi, kwenye kichaka ambapo ng'ombe alikuwa akifika kila siku na maziwa yakamtoka yenyewe yakimwagikia ardhi. Abhayadeva akaimba sifa pale, na sanamu ya Parshva ikajitokeza. Akapona. Tenzi aliyoimba ilikuwa na beti 32, lakini mbili zilikuwa na nguvu mno, zikafichwa, ndiyo maana watu wanazo 30.

Hapa mtu makini atauliza, na ni swali zuri: je, si mafundisho ya Ujaini kwamba Tirthankara amekwisha kuwa huru, hana tena shauku, hasikii maombi wala hatoi baraka? Ndivyo. Sanamu ya Parshva haimponyi mtu kwa kumhurumia. Mhujaji anaitazama ili moyo wake ufanane kidogo na utulivu ule, na kutazama huko ndiko kunakomtakasa. Wanaoitika ni wengine: miungu walinzi, ambao wenyewe bado wamo katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, wenye mapenzi, usahaulifu na mapungufu. Mmoja wao ni Ambika wa mlima Girnar, huko Gujarat. Jinaprabha asema alikuwa mke wa Brahmani aitwaye Soma, mwenye watoto wawili, akafukuzwa nyumbani kwa kuwapa watawa wa Kijaini chakula kilichopikwa kwa ajili ya ibada ya mizimu ya ukoo. Njiani watoto wakalia njaa, mti mkavu wa mwembe ukazaa. Mume alipojuta akamfuata, yeye akadhani amekuja kumdhuru, akajitupa kisimani. Akazaliwa upya kama mungu mlinzi wa Neminatha, Tirthankara wa 22, na mumewe akazaliwa kama simba ambaye Ambika humpanda. Hakuna mji wetu usio na mke aliyewahi kufukuzwa kwa sababu ya ukarimu. Aliyekisikia kisa hiki akipanda Girnar alijua mlinzi wa mlima anafahamu njaa ya watoto.

Tofauti hii kati ya Tirthankara na mlinzi wake ndiyo ufunguo wa sura zenye uchungu zaidi. Chukua Sanchore, Rajasthan, ambako palikuwa na sanamu ya Mahavira. Jinaprabha anasimulia kwamba mwaka 1081 wa Vikrama, yaani karibu 1024, mfalme wa Ghazni alifika akataka kuing'oa. Wakafunga tembo wakavuta, haikutikisika. Wakafunga maksai, ikasogea kidogo. Kwa nini maksai waweze na tembo washindwe? Kwa sababu mlinzi wa hekalu, Brahmashanti, katika maisha yaliyotangulia alikuwa maksai mwenyewe, na mapenzi ya zamani yakamlegeza kidogo. Baada ya hapo haikusogea tena, na wavamizi wakaondoka. Lakini mwandishi haishii hapo. Anaongeza kwamba mwaka 1367, yaani karibu 1310, utawala wa Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, uliichukua sanamu ile ikapelekwa Delhi. Safari hiyo hakuna tembo walioshindwa. Maelezo yake ni kwamba katika enzi hii mbaya walinzi huzembea. Aliyeandika hivyo hakuwa mjinga wa kudhani miujiza itamlinda. Aliishi kizazi ambacho sanamu zilikuwa zikivunjwa, na alilazimika kueleza kwa nini ilikuwa hivyo bila kuitupa imani.

Turudi basi kwenye mlima wa dhiraa 7. Katika fikra za Kijaini wakati huzunguka kama gurudumu, nusu ukishuka, nusu ukipanda. Sisi tumo upande wa kushuka, katika enzi ya tano, ya huzuni, itakayodumu miaka 21,000. Kila kitu hupungua: kimo cha watu, umri wao, wema wao, na mlima pamoja nao. Vipimo vya Jinaprabha ni kalenda iliyoandikwa juu ya jiwe. Na kuna jambo moja ambalo orodha yake inalisema kwa kimya: hakuna enzi ambayo mlima ni sifuri. Unapofikia udogo wa mwisho, bado upo. Kwa msomaji wa 1313 aliyesikia kwamba uso wa Adinatha, sanamu kuu ya Shatrunjaya, umevunjwa, hesabu hiyo ilikuwa habari ya kushika mkononi.

Ndiyo maana ukarabati una uzito mkubwa hivyo katika maandishi haya. Kwa Shatrunjaya, mapokeo huhesabu ukarabati mkubwa 16. Wa kwanza ulifanywa na Bharata, mwana wa Rishabha, nyakati ambazo hazina tarehe ya binadamu. Wa 15 ni wa Samara Shah, ambaye tunajua kwamba alipata idhini ya Alp Khan, gavana wa Gujarat aliyewekwa na sultani yuleyule ambaye majeshi yake yalivunja. Wa 16 ni wa Karma Shah, mwaka 1531. Orodha ni moja, inaanzia kwenye visasili na kuishia kwenye hati za serikali, na hakuna mstari uliochorwa katikati. Samara Shah, tajiri wa mji wa Patan aliyegharimia jiwe jipya, alijiona anashika kazi ya mwana wa Tirthankara pale ilipoachwa.

Wanaodhani hekaya hizi ni hewa tupu wakumbuke Mathura. Jinaprabha anaandika kwamba palikuwa na stupa, mnara wa mviringo wa ibada, wa dhahabu na vito, uliojengwa na miungu, na baadaye ukafunikwa kwa matofali. Mwaka 1897 msomi Georg Bühler alilichapisha simulizi hilo, baada ya uchimbaji wa miaka ya 1888 hadi 1891 katika kilima cha Kankali Tila, Mathura, kufichua masalio ya stupa ya Kijaini. Kati ya vilivyopatikana ni kitako cha sanamu chenye maandishi ya karne za mwanzo baada ya Kristo, yanayoitaja stupa hiyo kuwa ni iliyojengwa na miungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Jinaprabha. Dhahabu haikupatikana. Lakini usemi wenyewe, kwamba jengo lile ni la kale kiasi cha kupoteza mjenzi wake wa kibinadamu, mtawa hakuuzua. Aliupokea ukiwa tayari mzee, akaupitisha.

Sasa kisa kilichomhusu yeye mwenyewe. Katika kijiji alichokiita Kannanaya palikuwa na sanamu ya Mahavira. Mfalme Prithviraja Chauhan aliposhindwa na wavamizi Waislamu mwaka 1192, waumini waliificha mchangani, ikakaa humo zaidi ya miaka 60 mpaka fundi seremala aliyekuwa akihama na familia yake kwa sababu ya njaa akaoteshwa ndoto akaifukua. Mwaka 1385 wa Vikrama, karibu 1328, ofisa wa eneo alikikumba kijiji. Sanamu ya jiwe ya Parshva ikavunjwa, ile ya Mahavira ikapakiwa nzima kwenye mkokoteni hadi Delhi, ikatupwa ghalani katika ngome ya Tughlaqabad. Ikakaa zaidi ya mwaka.

Sultani alikuwa Muhammad bin Tughluq, aliyetawala 1325 hadi 1351. Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kumjua: Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akasifu Kilwa, baadaye alikuwa kadhi Delhi chini ya sultani huyu, na ametuachia picha ya mtu mkarimu na wa kutisha kwa pamoja. Alipenda mijadala ya wanazuoni. Siku moja, kwa mujibu wa Jinaprabha, aliuliza ni nani msomi mkubwa mjini, akatajiwa mtawa huyu, akamwita. Akamketisha karibu naye wakazungumza hadi usiku wa manane. Akampa ng'ombe elfu, mali, nguo. Mtawa akakataa, kwa kuwa hayamfai asiyemiliki kitu, kisha akapokea mablanketi na nguo kiasi ili asimvunjie heshima mwenyeji wake. Baadaye akapata hati za kulinda Shatrunjaya, Girnar na vivuko vingine. Na siku ilipofika akaomba kile alichokuwa anakitaka kweli. Sanamu ikatolewa ghalani, ikaletwa barazani kwa sultani juu ya mabega ya maofisa, akakabidhiwa.

Habari hii imeandikwa na upande mmoja, na sehemu yake iko katika sura ya nyongeza ya mtawa mwingine, Vidyatilaka, aliyekuwa na kila sababu ya kumkuza mkubwa wake. Tuichukue hivyo. Hata hivyo inaafikiana na tunayoyajua juu ya baraza lile, ambalo waandishi Waislamu wa zama hizo, Barani na Isami, walililaumu kwa kuwakaribisha wanafalsafa na mayogi, yaani watawa wa Kihindu. Jinaprabha naye anahesabiwa kuwa ndiye mtunzi wa utenzi wa kumsifu Rishabha kwa Kiajemi, lugha ya utawala ule. Wanaotaka kukigeuza kitabu chake kuwa shtaka la dini moja juu ya nyingine hukutana na sura hii njiani, na wanaotaka kukigeuza kuwa hadithi ya maelewano matupu hukutana na Sanchore. Aliandika yote mawili kwa kuwa yote mawili yalitokea, na vivuko vilipitia mikono yote miwili.

Mwishoni mwa kitabu, kama ilivyokuwa desturi, aliweka mahali na tarehe. Mahali ni Yoginipattana, mji wa mayogini, jina ambalo Wajaini waliipa Delhi. Mwaka ni 1389 wa Vikrama, yaani 1333. Kisha akamtaja mtawala kwa Kisanskriti safi, akimwita Indra (mfalme wa miungu) wa duara la dunia, kama walivyoitwa wafalme wa kale. Na jina aliloliandika ni Hammira Mahammada. Hilo Hammira ni neno la Kiarabu lililovalishwa nguo za Kisanskriti, nasi tunalo pia: amiri.